Usilichafue jina lako kwa deni la bei ya jogoo!

Na Mwandishi Wetu

KUNA ugonjwa umewaingia vijana wengi wa mjini. Mtu akipata kadi ya benki tu, basi, anaipachika kwenye pochi pale mbele inapoonekana, na akiwa na kimwana anaichomoa taratibu ili naye aione. "Mimi na kadi bwana, mambo ya keshi nimeshaacha."

Sawa, una kadi. Lakini usijidanganye, mshikaji. Kadi nyingi tulizonazo ni za kuchukulia hela zako mwenyewe. Akaunti ikiwa na elfu kumi, kadi nayo ina elfu kumi. Ukifulia, nayo imefulia.

Tunayotaka kuizungumzia leo ni ile nyingine, kadi ya mkopo. Hiyo benki inakuambia: tumia hela zetu, halafu mwisho wa mwezi utulipe. Mabenki kadhaa ya hapa nchini yanaitoa, lakini si kwa kila anayepita mlangoni. Ili uipate lazima uwe na jina. Na jina, ndugu yangu, halinunuliwi dukani. Linajengwa polepole na linabomoka siku moja.

Sasa kabla hatujafika Marekani ambako kadi hizi zilianzia, twende kwanza Kaengesa.

DAFTARI LA MANGI

Kaengesa ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, juu kwenye uwanda wa Ufipa, kule kwenye baridi na mahindi. Huko, kama ilivyo vijijini kwingine nchini, mwenye duka ana daftari. Kila mteja ana ukurasa wake. Sukari kilo moja, sabuni mche mmoja, mafuta ya kula robo, tarehe, basi.

Mwenye duka hana kompyuta, lakini ana akili. Anamjua nani akiuza mahindi anapita dukani kabla hajafika nyumbani. Anamjua pia nani akiuza mahindi anaanza kupita njia ya nyuma, kwenye migomba, ili asionekane. Yule wa kwanza hata akiomba mfuko wa mbolea kwa mkopo atapewa. Huyu wa pili ataonyeshwa kile kibao cha ukutani: LEO FEDHA, KESHO MKOPO.

Wazungu walichofanya ni kulichukua daftari hilo na kuliingiza kwenye mitambo. Mwaka 1950, pale New York, ilianzishwa kadi ya Diners Club ya kulia chakula hotelini na kulipa baadaye. Mwaka 1958 Bank of America ikawamwagia kadi wakazi wa mji wa Fresno, California, na kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Mwaka 1989 kampuni ya FICO ikatoa alama za mkopaji, kuanzia 300 mpaka 850. Mwenye 800 anachekewa benki. Mwenye 450 anaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki.

Alama hizo zinapimwaje? Asilimia 35 ni kama unalipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa ukilinganisha na kiwango ulichoruhusiwa. Asilimia 15 ni muda ambao umekuwa mkopaji. Kumi ni mikopo mipya unayoikimbilia, na kumi ya mwisho ni aina za mikopo ulizonazo.

Umeona? Hakuna sehemu ya suti, wala simu kali, wala kuwa mtoto wa fulani. Kubwa kuliko yote ni kulipa kwa wakati, kama kwenye daftari la Kaengesa. Halafu kuna jambo la kushangaza kidogo: mtu ambaye hajawahi kukopa hata senti hana alama nzuri. Hana alama kabisa! Benki haimjui.

NA SISI TUNAANDIKWA

Hapo kuna msomaji anasema, "Hayo ya Marekani yananihusu nini?" Yanakuhusu sana, tena zaidi ya unavyofikiri.

Tanzania ina kanuni za taarifa za wakopaji tangu mwaka 2012, chini ya Benki Kuu. Mabenki yanapeleka taarifa za wanaowakopesha, na ziko kampuni zenye leseni zinazozichambua. Ukienda kuomba mkopo, afisa anaangalia kwanza huko. Wewe unajieleza na tai yako, kumbe yeye ameshasoma habari zako zote.

Na usidhani kinachoandikwa ni mikopo ya kujenga ghorofa tu. Tangu M-Pawa ianze mwaka 2014, mikopo midogo ya kwenye simu imekuwa kama maji ya kunywa. Unabonyeza, hela inaingia. Salio likipungua wakati unalipia kitu, kuna huduma ya kukujazia halafu inajikata hela ikiingia. Nyuma ya mikopo hii mara nyingi kuna benki. Kwa hiyo ule mkopo wa elfu kumi na tano uliokopa Ijumaa ukajirusha nao, ukausahau Jumatatu, unaweza kukusubiri mlangoni siku unapotaka milioni tano za kufungulia duka.

"Nitabadilisha laini!" Utabadilisha, lakini alama za vidole je? Usajili wa laini kwa vidole na kitambulisho cha NIDA ulianza mwaka 2019, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Laini utaitupa, namba yako ya NIDA utabaki nayo.

Waulize jirani zetu Wakenya. Mikopo ya simu ilipopamba moto kule baada ya M-Shwari kuanza mwaka 2012, watu wakawa wanaingizwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu kwa madeni ya chini ya shilingi elfu moja za kwao, yaani bei ya jogoo. Hali ilifika pabaya mpaka mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ikakataza kuorodhesha madeni madogo kiasi hicho. Novemba 2022 ikaja na mpango wa kuwapa nafuu wadaiwa wa mikopo ya simu, na mabenki yakatakiwa kusamehe angalau nusu ya deni. Waliohusika walikuwa zaidi ya milioni nne! Mamilioni ya watu majina yao yamechafuka, wengi kwa hela ya mboga.

KASHESHE YA MSIMU

Turudi Kaengesa, maana huko ndiko somo lenyewe lilipo.

Ufipa mvua ni moja. Zinaanza Novemba, zinaisha Aprili. Mahindi yanapandwa mwanzoni mwa mvua, yanavunwa kuanzia Mei na kuendelea. Kwa hiyo hela ya mkulima inakuja mara moja kwa mwaka. Lakini mbolea inatakiwa Novemba na Desemba, na Januari kuna mahitaji ya shule. Hata kwa mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023, bado mtu anatakiwa kuwa na hela mkononi.

Chukua mfano wa kijana mwenye ekari mbili. Novemba anakopa laki tatu za pembejeo. Anaambiwa arejeshe kila wiki. Kila wiki! Mahindi hata hayajaota. Wiki ya kwanza analipa kwa hela ileile aliyokopa. Ya pili anauza kuku. Ya tano anakopa kwingine ili alipe huku. Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, anamwita tajiri anamuuzia yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa. Mei wenzake wanavuna, yeye anavuna kwa niaba ya mwingine. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kijana huyu hakuwa mwizi wala mvivu. Kosa lake lilikuwa moja: alichukua deni la kila wiki wakati ana hela ya msimu.

Hiyo ndiyo siri, na inamhusu hata wewe wa Sinza au Mwanjelwa. Deni la kila wiki lilipwe na hela ya kila wiki, kama ya bodaboda, bustani ya nyanya au genge. Deni la mwezi lilipwe na mshahara. Deni la msimu lisubiri mavuno. Ukizichanganya tarehe, hata ukiwa mwaminifu kama malaika, utaitwa tapeli.

KAUSHA DAMU NI NOMA

Kuna hawa jamaa wa mikopo "kausha damu". Hawaulizi mengi, hela unapewa palepale. Ila riba yake!

Piga hesabu mwenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji kwenye madaraja manne, na wale wa daraja la pili, wanaokopesha bila kupokea amana, Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu, hiyo ni 10,500 kwa mwezi. Miezi minane, Novemba mpaka Julai, ni 84,000. Sasa mtu akikutoza asilimia 20 kwa mwezi, ni 60,000. Miezi minane ni 480,000, na laki tatu zake bado anazidai. Hapo godoro, redio na baiskeli vinaondoka mchana kweupe.

Wa kwenye simu nao wapo. Unapakua programu, unaruhusu isome majina yote ya kwenye simu, unachelewa siku mbili, na mama mkwe anapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, uliza kwanza: huyu ana leseni ya Benki Kuu? Hana, achana naye.

JINA LINAJENGWA HIVI

Moja, anza kidogo. Jiunge na kikundi cha VICOBA. Wanachama mnajuana, mnanunua hisa kila wiki, sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Kopa kidogo, rudisha, kopa tena. Ukihamia SACCOS, utakuta mara nyingi wanakukopesha mara mbili au tatu ya akiba yako. Huko ndiko unakojifunzia nidhamu.

Mbili, lipa kabla ya tarehe, si tarehe yenyewe. Mtandao unaweza kugoma siku ya mwisho, na mashine haijui kusamehe.

Tatu, ukibanwa, nenda ukaseme. Mvua ikigoma au mnunuzi akichelewesha malipo, mfuate mkopeshaji kabla tarehe haijapita, muombe mpange upya. Anayekuja mwenyewe anasikilizwa. Anayezima simu anatafutwa.

Nne, usimdhamini mtu kwa aibu. Shemeji akikuomba sahihi, jiulize: asipolipa, mimi nitaweza? Kama huwezi, mwambie taratibu, "Shemeji, hapo unisamehe." Bora anune wiki moja.

Tano, vijana mlioko kwenye vikundi, ile asilimia 10 ya halmashauri ipo. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2024. Msiifanye ya kugawana na kutawanyika. Ni hela ya kukopeshwa, na wenzenu wanaisubiri irudi.

Sita, una haki ya kuomba kuona taarifa zako za mikopo na kulalamika kama kuna kosa. Ukimaliza deni, dai barua au ujumbe wa kuthibitisha, uitunze. Jina linaweza kuchafuka hata kwa makosa ya karani.

Saba, wewe uliyebahatika kupata kadi ya mkopo. Usitumie zaidi ya theluthi ya kiwango ulichopewa. Usiichukulie keshi kwenye mashine, maana mara nyingi riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Na ukiletewa hesabu, lipa yote, si kile kiasi cha chini kabisa wanachokuandikia. Kile kidogo ndicho mtego. Kule Marekani riba ya kadi kwa wastani imepita asilimia 20 kwa mwaka, na kuna watu wanalipia viatu ambavyo soli zake ziliisha zamani.

MWISHO, LA WAPENDANAO

Vijana mkichumbiana mnaulizana kila kitu: kabila, dini, wa kwanza alikuwa nani, mbona mliachana. Madeni hamuulizani. Halafu siku ya pili baada ya harusi, watu wanagonga mlango na daftari.

Ulizaneni mapema. "Mpenzi, unadaiwa wapi, na kiasi gani?" Akijibu bila kupepesa macho, hata kama deni lipo, huyo ni mtu. Akianza kukuzungusha, kumbuka yule wa Kaengesa anayepita kwenye migomba.

Kukopa si dhambi, na hakuna aliyejenga jina bila kukopa na kulipa. Kama una kadeni ka simu kalikosahaulika tangu mwezi uliopita, usisubiri mshahara mkubwa. Kalipe leo. Dawa ya deni ni kulipa.