Mti Mrefu katika Chungu Kifupi

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akitaka niwape wasomaji habari za Japani, nchi ninakosoma. Habari za miji mikubwa na za treni ziendazo kasi zimekwisha kuandikwa na wengi, wala mimi si mjuzi wake. Nitaeleza jambo moja dogo nililolijua kwa mikono yangu, nalo ni jinsi ya kuuchukua mti wa sugi ulionunuliwa kitaluni na kuufanya bonsai.

Neno bonsai maana yake ni kupanda katika sinia. Wengi wakiona picha ya mti uliozeeka, wenye shina na matawi kamili, nao haufiki kimo cha goti, hudhani kwamba ni mti wa aina ndogo, au kwamba umedumazwa kwa kunyimwa maji na chakula kama mtoto aliyekosa maziwa. Mimi nilidhani hivyo pia, na kwa dhana hiyo niliua mti. Nitafika huko.

Kwanza juu ya sugi wenyewe. Huu ndio mti wa Japani hasa. Hujengewa nyumba na mahekalu, na pipa za pombe yao ya mchele hutengenezwa kwa mbao zake. Katika kisiwa cha Yakushima kuna sugi mmoja, uitwao Jomon Sugi, wenye kimo cha mita 25.3 na shina ambalo mzunguko wake ni mita 16.4, wataalamu wanabishana juu ya umri wake, lakini hakuna asemaye kwamba ni chini ya miaka 2,000. Barabara za kwenda Nikko zimepandwa sugi pande zote mbili kwa urefu wa kilomita 35 hivi, kazi iliyoanzishwa na bwana mmoja aitwaye Matsudaira Masatsuna yapata mwaka 1625. Walakini si wote waupendao. Baada ya vita vya mwaka 1945 sugi ilipandwa kwa wingi mno milimani, na sasa kila Februari hata Aprili chavua yake huwafanya watu wengi kupiga chafya na kutokwa machozi njia nzima.

Wazungu huuita mwerezi wa Japani. Si mwerezi, kama ule wa Lebanoni tunaousoma katika Biblia. Kwa jamaa uko karibu zaidi na mtarakwa wa milima ya Kenya na ya kaskazini mwa Tanzania, ambao nao Wazungu waliuita mwerezi pasipo haki.

Sugi mzima husimama wima kama mlingoti, na matawi yake yaliyolemewa na theluji miaka mingi huteremka kidogo. Basi afanyaye bonsai ya sugi hulifuata umbo hilo. Mti mwingine waweza kupindwa ukapendeza; sugi uliopindika shina huonekana kama kosa.

Mti wangu wa kwanza niliununua mwezi wa Mei. Nilikuwa nimekwenda Omiya, mtaa wa bonsai ulioanzishwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923. Zamani mtu aliyetaka kuhamia huko ilimpasa awe na bonsai zisizopungua kumi, na asijenge nyumba ya ghorofa. Nilirudi kutoka Omiya nikiwa na hamu kubwa na fedha kidogo, nikanunua mche wa bei rahisi katika kitalu cha kawaida. Kisha nikaanza kuupimia maji kidogo kidogo ili usirefuke. Kiangazi cha huku, yaani Julai na Agosti, kina joto la kukaba roho. Mti ukabaki kijani, nami nikajisifu. Mwezi wa Septemba nilipolishika tawi, majani yalikuwa makavu kama ufagio, na nilipokwangua gome kwa ukucha niliona kahawia tupu ndani. Miti ya jamaa hii hainyauki kama mchicha ili ikuonye. Hubaki na rangi yake majuma mengi baada ya kufa.

Jirani yangu, mzee anayetunza bonsai tangu ujana wake, aliutazama ule mti akaniuliza, “Ulikuwa unauadhibu kwa kosa gani?” Nilipomweleza, akacheka sana. Akanifundisha kwamba bonsai hushiba kuliko mti wa msituni. Hupewa maji kila siku, na wakati wa joto mara mbili, na majani hunyunyiziwa pia kwa kuwa sugi hupenda hewa yenye unyevu. Tangu Aprili hata Oktoba huwekewa juu ya udongo vidonge vya mashudu kuwa mbolea. Haubaki mdogo kwa njaa, bali kwa sababu kila unapokua kuna mkono unaoondoa kile kilichozidi.

Aprili iliyofuata alikwenda nami kitaluni. Mimi nilitazama majani. Yeye alipiga magoti akafukua udongo kwa kidole. Alikuwa akitafuta mizizi ya juu, ile inayotoka shinani na kuishika ardhi kama vidole vya kuku. Ikiwa imetandaa pande zote, mti huo wafaa. Ikiwa upande mmoja ni mtupu, uache, hata kama majani yake ni mazuri namna gani. Kisha alitazama kama shina limenyooka tangu chini, na kama lina matawi mengi ya chini, maana tawi usilolipewa na kitalu utalingoja miaka. Tulichagua mche wa sentimita 95, wenye shina la sentimita 4 pale chini.

Nilidhani tutauhamisha chungu siku ile ile. Hasha. Kanuni yake ni kazi moja nzito kwa mwaka: ukikata matawi, usiguse mizizi, ukikata mizizi, acha matawi. Mwaka wa kwanza tulikata shina. Tulilikata juu kidogo ya kitawi kilichokuwa kwenye sentimita 28, tukakifunga kitawi kile kwa waya kisimame wima, ili kiwe ncha mpya. Kwa njia hiyo shina huwa nene chini na jembamba juu, nalo jicho hudanganyika likaona mti mrefu ulio mbali. Nilisitasita, nikaogopa kuua wa pili. Mzee akanikumbusha watu wa Kitayama, karibu na Kyoto, ambao kwa karne nyingi wamekuwa wakikata miti ya kujengea juu ya kisiki kimoja cha sugi pasipo kukiua, kwa sababu mti huu huchipua hata kwenye mti wake wa zamani.

Matawi nayo yakachaguliwa. La kwanza kwenye theluthi ya kimo, la pili juu yake upande wa pili, la tatu nyuma ili mti uwe na kina. Yaliyotoka mahali pamoja kama mikono ya msalaba tuliondoa moja. Mwezi wa Novemba tuliyafunga waya wa alumini, unene wake kama theluthi ya tawi, ukizungushwa kwa mshazari, tukayashusha. Hapo nilifanya kosa ambalo halitafutika. Waya wa tawi la chini, upande wa kushoto, niliuacha hata Julai. Tawi lilinenepa, waya ukazama ndani ya gome, na kovu lake liko mpaka leo.

Majira ya baridi yaliyofuata nilipata hofu kubwa. Mwezi wa Januari mti wote uligeuka rangi ukawa wa kahawia, kama shaba iliyosahauliwa. Nilikwenda kwa mzee usiku, nimeubeba. Hakuukaribia hata, alisema tu, “Kijana, unasikia baridi, haufi. Uweke mahali usipopigwa na upepo mkavu, wala usisahau maji.” Mwezi wa Aprili ukarudi kijani. Basi wa kwanza ulikuwa kijani nao umekufa, na wa pili ulikuwa kahawia nao u mzima. Tangu hapo sijaamini rangi peke yake.

Mizizi tuliishughulikia mwaka wa pili, ncha zilipoanza kuvimba. Tulichana udongo wa zamani kwa kijiti, tukapunguza mizizi karibu theluthi, tukaupanda katika sanduku la mbao lenye udongo wa chembechembe uitwao akadama, uliochekechwa ili vumbi litoke, maana vumbi huziba maji nayo mizizi huoza. Mti hufungwa kwa waya unaopita katika matundu ya chini, kwa sababu ukitikisika mizizi michanga hukatika. Ukamwagiwe maji mpaka yanayotoka chini yawe safi, kisha ukae kivulini majuma mawili matatu. Chungu chenyewe, cha udongo wa kuchoma usiong’aa, uliingia mwaka wa nne.

Lakini kazi inayoufanya mti huo kuwa bonsai si hizi kubwa. Tangu Mei hata Septemba sugi hauachi kuchipua. Vichipukizi laini hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada vikavutwa, vikanyofoka kwa mlio mdogo. Mkasi haufai, kwa maana jani lililokatwa huungua ncha likawa la kahawia. Hufanywi mti wote siku moja. Vilivyotangulia huondolewa leo, vinavyofuata baada ya siku chache, kisha tena, kisha tena. Juu mti una nguvu zaidi, kwa hiyo juu hunyofolewa sana na chini kidogo, la sivyo matawi ya chini hukosa mwanga yakafa ndani. Tena katika kila kwapa, pale tawi linapokutana na shina, huchipua kishada cha vichipukizi; visipoondolewa, mahali hapo huvimba kama goti lenye ugonjwa. Mwaka wa kwanza niliona kazi hii ni ya kuchosha. Sasa huifanya asubuhi kabla ya masomo, dakika ishirini, na siku nisipoifanya huona kama sikunawa uso.

Kwa mwenye hamu ya kujaribu nyumbani, sugi hautaipenda pwani yetu yenye joto. Mvinje utafaa zaidi, nao hutunzwa kuwa bonsai katika nchi nyingine za joto, kama vile Indonesia.

Leo mti wangu una kimo cha sentimita 36, na shina limefika sentimita 5 pale chini. Mwezi wa Machi masomo yangu yatakwisha, nami sitaweza kuja nao. Nimemwomba mzee aupokee. Alikubali, ila akasema wazi kwamba hatautunza kwa niaba yangu. Mti ukiingia uani kwake utafuata mkono wake, kama ule wa mkononi mwangu ulivyofuata wangu. Kisha akanionyesha tawi ambalo angeliondoa kwanza. Ni lile la chini, upande wa kushoto, lenye kovu la waya.

Nilimwambia kwamba bila tawi lile mti utakuwa umepoteza mkono. Akasema mti utalijaza pengo baada ya miaka mitano. Yeye ana miaka themanini na mmoja. Tulibishana siku mbili, kwa adabu, huku tukinywa chai, na mwisho nilimwomba jambo moja tu, kwamba asilikate mpaka ndege yangu iwe imekwisha kuondoka. Hilo amelikubali.