Mtu akianguka mtoni, usimrukie

Kwa makanisa mengi yaliyo kando ya Lualaba, Elila, Ulindi na Lowa, mtumbwi ndio motokari. Kwaya inavuka kwenda kwenye kongamano, wamama wanavuka kwenda sokoni, mchungaji anavuka kutembelea chapeli za ng'ambo. Na kuna msiba ambao wengi wetu tunaujua: kijana anaanguka majini, rafiki yake anaruka kumwokoa, na jioni tunalia watu wawili.

Yule rafiki alikuwa na upendo, lakini hakuna aliyekuwa amemfundisha. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu na kukipanda ili apate hewa. Akikushika shingo mtashuka pamoja, hata kama unaogelea vizuri. Ndiyo sababu wanaofundisha uokoaji wa mtoni huanzia mbali na maji. Kwanza mwite, umwelekeze. Kama yuko karibu, lala kifudifudi ukingoni, umnyoshee pondo, kasia au tawi. Kama yuko mbali, mtupie kamba. Ikishindikana, mfuateni kwa mtumbwi. Kuingia majini mwenyewe ni jambo la mwisho kabisa, tena kwa aliyefundishwa na aliyevaa jile ya kuokoa maisha.

Kamba ndicho kifaa ambacho kila kanisa la mtoni linaweza kuwa nacho. Tafuteni ile ya plastiki inayoelea, ya meta 15 hadi 20. Mwisho wake fungeni bidoni la lita 5 lenye maji kidogo ndani ili lirushike, na kifuniko kikazwe. Mwite mtu kwa jina kwanza ili akutazame, kisha rusha bidoni lipite juu yake, kamba imwangukie kifuani. Usiizungushe mkononi wala kuifunga kiunoni, maana mto utakuvuta nawe. Kaa chini, kaza miguu, na mkondo wenyewe utamsukuma hadi ukingoni. Yeye alale chali, kamba ipite begani, uso uangalie juu. Vijana wajizoeze haya kwenye majani makavu baada ya mazoezi ya kwaya. Kurusha vizuri kunahitaji kurudiarudia.

Na wewe uliyeanguka? Usijaribu kusimama kwenye maji ya mbio, hata yakiwa ya kiunoni. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakuinamisha na kukuweka kichwa chini. Meta moja ya mraba ya maji kwa kina cha meta moja ina uzito wa tani moja, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya maji inakuwa mara nne. Mto uliouvuka juzi si ule ule baada ya mvua ya milimani. Basi lala chali, miguu itangulie upande maji yanakokwenda, magoti yakunjike kidogo, uongoze kwa mikono. Ukiona maji matulivu, geuka uogelee kwa nguvu kuyaelekea. Ukisukumwa kwenye mti ulioanguka mtoni, fanya kinyume: geuka kifudifudi, uuelekee kwa kichwa, uupande juu. Maji hupita kati ya matawi yake, mtu hapiti.

Huko Kisangani, Wagenia wanasimamisha miti katikati ya maporomoko na kutega vikapu vyao vya samaki. Wanaweza kwa sababu wanausoma mto. Maji laini yanayojikusanya kama ulimi kuelekea chini huonyesha njia. Nyuma ya jiwe kubwa kuna pumziko. Lakini pale chini ya poromoko ambapo kipande cha mti kinazunguka bila kuondoka, maji yanajirudia, na mtu naye yatamshika. Mgeni asione haya kuuliza wenyeji.

Wako wanaosema kuvaa jile ni upungufu wa imani. Soma Matendo 27. Paulo alikuwa amekwisha kuahidiwa kwamba hakuna atakayekufa, lakini bado aliwaonya askari wasiwaache mabaharia watoroke. Watu wote 276 walifika nchi kavu: wenye kuogelea walitangulia, wengine walishika mbao na vipande vya merikebu. Jile basi ivaliwe na kufungwa, isikaliwe kama mto wa kiti. Hata siku ya ubatizo, shemasi apime chini kwa fimbo asubuhi ile ile, na wawili wenye kamba wasimame upande maji yanakokwenda.

Mtu akitolewa majini bila kupumua, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni kinywani mara 5. Asiposhtuka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa haraka na kwa nguvu, pumzi 2, tena 30, mkipokezana bila kuacha. Na akiamka, hata akiomba chai na kutaka kurudi nyumbani, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.