Meno Yanaposagana Usingizini

Kusaga meno usingizini ni kazi ya misuli ya taya inayofanyika bila mlalaji kujua. Misuli minene ya mashavuni, ile inayotuna mtu anapouma kitu kigumu, hukaza ghafla, meno ya chini yakaburuzwa juu ya yale ya juu, na mkwaruzo wake ukasikika hadi chumba cha pili. Wapo wasiotoa sauti yoyote. Wao hubana tu meno kwa nguvu. Kwa hiyo habari huletwa na anayelala karibu, awe mke, mume au ndugu wa chumba kimoja. Inakadiriwa kuwa watu wazima wapatao 8 katika kila 100 husaga meno wakiwa wamelala. Watoto ni wengi zaidi, na hali hupungua kadiri umri unavyosonga.

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, za Bukoba na Muleba mkoani Kagera zikiwamo, mtoto anayesaga meno huambiwa ana minyoo. Hununuliwa dawa, na baada ya wiki kadhaa meno yanasagana vilevile. Dawa ya minyoo ina faida yake, na mtoto anayegawiwa shuleni aimeze, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba minyoo ndiyo inayosagisha meno. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokua. Meno ya utotoni hung'oka kati ya miaka 6 na 12, kwa hiyo hata yakilika kidogo, ya ukubwani huota yakiwa mazima. Anayestahili kupelekwa kwa daktari mapema ni mtoto anayekoroma, anayelala mdomo wazi au mwenye mafindofindo makubwa, kwa kuwa huenda njia yake ya hewa imebanwa.

Hata madaktari wa meno waliwahi kupotea njia. Kwa miaka mingi waliamini kuwa chanzo ni meno yasiyokutana sawasawa, wakawa wanayachonga ili yalingane. Utafiti wa usingizi umebadili mtazamo huo: chanzo kiko kwenye ubongo. Mara nyingi meno husagana katika usingizi mwepesi, pale ubongo unapozinduka kwa sekunde chache bila mtu kuamka. Mawimbi ya ubongo huenda kasi, moyo hupiga haraka, kisha taya huanza kusaga. Kwa hiyo jambo lolote linalomkatiakatia mtu usingizi linaweza kumzidishia tatizo hili.

La kwanza ni msongo wa mawazo. Kwamba fikra nzito huweza kujitokeza mwilini, Muleba ina mfano wake uliojulikana duniani, ingawa ni wa hali nyingine kabisa. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kikaenea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari Rankin na Philip walichunguza wasipate kijidudu wala sumu, na waliochambua kisa hicho baadaye wamekihusisha na shinikizo la maisha ya shule. Wasichana wale walicheka mbele ya watu. Mtu mwenye deni, ada au mgogoro wa shamba humalizia yake usiku, kwenye taya.

Kinachofuata ni vichangamshi na vileo. Kagera ni nchi ya kahawa aina ya robusta, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika. Wahaya, wenyeji wa huko, pia huitafuna kahawa: akamwani, yaani punje zilizochemshwa na majani ya dawa kisha zikakaushwa, ambazo mgeni hukaribishwa nazo. Punje chache za mchana hazina neno. Zinazotafunwa jioni hadi usiku ndizo za kuangaliwa, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi, na kutafuna kitu kigumu huzidi kuchosha taya lililokwisha kuchoka. Lubisi, konyagi na pombe nyingine huleta usingizi haraka lakini huuvurugavuruga baadaye usiku. Wavuta sigara nao husaga meno zaidi ya wasiovuta.

Zipo pia sababu za kitabibu: pumzi kukatika usingizini, asidi ya tumbo kupanda kooni, na baadhi ya dawa za sonona na za magonjwa ya akili, kama fluoksetini na haloperidoli. Anayetumia dawa hizo asiziache mwenyewe. Amweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Tabia hii hurithiwa pia katika ukoo.

Dalili huonekana asubuhi. Taya limechoka, kichwa kinauma kwenye panda za uso, na maji baridi yanatia meno ganzi. Kwenye kioo, ncha za meno zimekuwa bapa kama zilizopigwa tupa. Pengine kingo za ulimi zina alama za meno, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe. Gamba gumu la jino likishalika halioti tena, na jino huweza kupasuka.

Hakuna dawa moja inayokomesha kabisa kusaga meno. Tiba ina kazi mbili: kuyakinga meno na kuutuliza usingizi. Daktari huchukua umbo la meno ya mgonjwa na kumtengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku. Kinga hiyo haizuii taya kusaga. Plastiki ndiyo inayolika badala ya jino. Sindano ya botoksi hupunguza nguvu ya misuli kwa miezi michache, lakini ni ghali na haimfai kila mtu. Meno yaliyolika sana huzibwa au kuvalishwa kofia. Kuyachonga mazima ili kumponya mtu hakupaswi kufanyika tena.

Nyumbani, kahawa iishie mchana, pombe na sigara zipunguzwe, na saa ya kulala isibadilikebadilike. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu shavuni hulegeza misuli. Taya linapouma, ndizi zilizopikwa zikaiva vizuri zitangulie. Mahindi ya kuchoma, miwa na akamwani vingoje. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yaachane, kwani kwa kawaida hayatakiwi kugusana ila wakati wa kutafuna na kumeza.

Anayeamka na maumivu kila mara, au anayeona meno yake yanafupika, aende akapimwe katika kitengo cha kinywa na meno cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Aliye Muleba anaweza kuanzia hospitali za Rubya, Ndolage au Kagondo. Afuatane na anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu maelezo ya huyo ndiyo daktari atakayoyahitaji kwanza.