Soma Mkia Kwanza

Mwaloni Mwanza niliinama juu ya beseni la mchuuzi mmoja. "Mama, hawa wote ni sato?"

"Sato watupu, baba. Kwani wewe unaona nini?"

Niliona perege wa aina tatu, lakini sokoni jina lenye bei ndilo linalobaki. Ukiwauliza wazee, watakutajia ngege na mbiru, wenyeji wa Ziwa Victoria kabla sato hajaletwa miaka ya 1950.

Rangi ya mwili isikuhadae. Perege akishtuka hubadilika rangi, dume akiwa kiotani hugeuka mweusi au mwekundu, na akishakufa hana tena rangi ya kuaminika. Shika mkia, utandaze kwa vidole viwili. Sato ana mistari myeusi ya wima, myembamba, iliyopangana tangu shina la mkia hadi ukingoni, mithili ya daftari lililosimamishwa ubavu. Ngege hana mistari hiyo. Huyu ndiye ambaye mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka 1928, baada ya kulikagua ziwa: esculentus, yaani "wa kuliwa". Naye akaliwa kweli, hata leo ni wa kutafutwa kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, Kenya. Mbiru humtambui kwa mkia tu. Tazama pia ukingo wa pezi la mgongo, una rangi ya chungwa.

Mgeni mwingine wa miaka ya 1950 ana tumbo jekundu, na wataalamu humwita Coptodon zillii. Wengi humtambua kwa doa jeusi nyuma ya pezi la mgongo. Mimi doa hilo siliamini peke yake, maana hata vifaranga vya sato na ngege huwa nalo. Afadhali ufunue shavu uhesabu vichanio vya tamvua la kwanza, upande wa chini: yeye ana kama kumi, sato ana mara mbili au zaidi. Mmoja hutafuna majani, mwingine huchuja vijimea vya majini, na kichujio hakiwezi kuwa na meno machache.

Hata malezi ni tofauti. Zillii hutaga chini na wazazi wote wawili hulinda. Sato, ngege na mbiru, mama hubeba mayai kinywani. Mtaalamu wa samaki Ethelwynn Trewavas alitumia malezi hayo kupanga makundi ya perege katika kitabu chake cha mwaka 1983.

Tatizo ni kwamba sato na ngege huzaana. Yule wa tatu katika beseni la mama alikuwa na mistari iliyokatika katikati ya mkia. Jicho haliamui hapo, inabidi maabara. Nikamlipia, nikakata ncha ya pezi, nikaitia kwenye kichupa cha spiriti.

"Baba," mama akasema, "na huyo samaki aliyebaki unaniachia?"