Je, Wajua? Kuweka Spika Hakumwokoi Dereva

Je, wajua kwamba gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde? Dereva akiinamia meseji kwa sekunde tano, ameshapita urefu wa kiwanja kizima cha mpira bila kuiona barabara. Na sekunde tano si nyingi. Watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walifunga kamera ndani ya malori, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba katika sekunde 6 za kila tukio la hatari, aliyekuwa akiandika meseji hakuitazama barabara kwa sekunde 4.6.

Hayo ya meseji wengi wanayakubali. Wasiyoyakubali ni haya yanayofuata.

Mwaka 1997, watafiti wawili wa Toronto, Kanada, walichukua bili za simu za madereva 699 waliopata ajali, wakalinganisha saa ya ajali na saa za kupiga simu. Aliyekuwa akiongea alikuwa katika hatari mara nne zaidi. Waliotumia spika, mikono yote miwili kwenye usukani, hawakuonekana kuwa salama kuliko walioshika simu. Utafiti wa Perth, Australia, wa mwaka 2005 ulileta jibu hilohilo: mara nne, ushike usishike. Kwa hiyo yule wa bodaboda anayepachika simu ndani ya helmeti na kuendelea na mazungumzo ameokoa mkono tu.

Kinachotekwa ni akili. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah alifuatilia macho ya madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Waliokuwa simuni waliyaelekeza macho kwenye mabango kabisa, lakini walipoulizwa baadaye, mengi hawakuyakumbuka.

Basi kuongea na abiria nako kuna hatari ileile? La, na hapa ndipo penye utamu. Mwaka 2008 Strayer na wenzake waliwaagiza madereva watoke barabara kuu kwenye kituo fulani cha mapumziko. Walioongea na rafiki aliyeketi pembeni, karibu wote walitoka panapotakiwa. Walioongea kwa simu, nusu yao walipapita. Abiria naye anaiona barabara: lori likichomoza hunyamaza, au hupiga kelele “Angalia!” Wa kwenye simu haoni kitu, anaendelea kudai jibu.

Hata ukikata simu, akili hairudi papo hapo. Mwaka 2015 jopo la Strayer lilipima madereva wanaotoa amri za sauti kwa simu au gari, likakuta wengine huchukua hadi sekunde 27 kutulia tena. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni mita 375.

Sheria, kwa bahati mbaya, bado inaangalia mkono. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu tangu Desemba 2003, lakini kuongea bila kuishika kunaruhusiwa mpaka leo. Jimbo la New South Wales, Australia, lilianza mwaka 2019 kutumia kamera za kunasa simu mikononi mwa madereva. Mazungumzo hayapigiki picha.

Kwa hiyo wewe unayempigia mwenzako, ukisikia mngurumo wa injini na honi, usianze hata kumwuliza yuko wapi. Mwambie, “Ukifika nipigie,” ukate.