Kupima Picha za Kamera ya Zumu Ndefu Katika Hewa ya Tabora

Kamera ya zumu ndefu hubeba katika lenzi moja isiyobadilishwa kazi ambayo zamani ilihitaji mfuko mzima wa lenzi. Nikon Coolpix P1000, iliyotoka mwaka 2018, huvuta mara 125: huanza na upana wa picha unaolingana na lenzi ya milimita 24 na kuishia milimita 3000. Canon PowerShot SX70 HS ya mwaka huohuo huvuta mara 65, na Sony RX10 IV ya 2017 huvuta mara 25. Tarakimu hizo ndizo huandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, na ndizo muuzaji huzitaja kwanza. Lakini mara 125 ni 3000 gawanya kwa 24, basi. Haisemi lolote kuhusu ubora wa picha itakayotoka. Ubora hupimwa, na hupimwa vizuri zaidi mahali kamera itakapofanyia kazi.

Ukanda wa njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni mgumu kwa kamera hizi, na kwa sababu hiyo unafaa sana kwa kuzipima. Tabora iko kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na misitu ya miyombo. Vinavyostahili kupigwa picha ni vingi na vingi viko mbali: wanyama wa Mto Ugalla, ambao eneo lake limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, korongo nyangumi wa ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ndege asiyekubali kusogelewa, mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti, miembe mikongwe ya wakati wa misafara. Mpiga picha hana budi kuvuta, na kila anapovuta anavuta pia hewa iliyo katikati.

Mwanga hupita hatua nne kabla haujawa picha: hewa, vioo vya lenzi, kihisi kinachoupokea, na programu ya kamera inayoipamba picha kabla ya kuihifadhi. Mkono unaoshika kamera huongeza kasoro yake. Tatizo ni kwamba kasoro hizi zote hufanana kwa macho: picha laini, isiyokata. Kupima ni kuzitenganisha moja moja ili kamera isilaumiwe kwa kosa la jua, wala isisamehewe kosa lake yenyewe.

Kazi huanza karibu, asubuhi, kwenye kivuli, ili hewa isiwe na nafasi ya kuingilia. Kamera hufungwa kwenye tripodi imara, kituliza mtikisiko huzimwa, zumu ya kidijitali huzimwa pia, na picha hupigwa kwa taima ya sekunde chache, kwa kuwa kidole chenyewe kinapobonyeza hutikisa lenzi ndefu. Shabaha inaweza kuwa chati maalumu ya kupimia, lakini ukurasa wa gazeti wenye matangazo madogomadogo, uliobandikwa ukutani bila mkunjo, hutosha kabisa. Kwa milimita 3000, upana wa picha ni sentimita 1.2 kwa kila mita ya umbali. Karatasi ya A3 yenye upana wa sentimita 42 basi hujaza picha ikiwa umbali wa mita 35. Zumu ikipunguzwa, tripodi husogezwa mbele ili karatasi iendelee kujaza picha, na vipimo hurudiwa kwenye milimita 1000, 500, 100 na 24.

Picha hizo zikilinganishwa, tabia ya lenzi hujitokeza. Karibu kila lenzi ya aina hii hukata vizuri katikati ya zumu na kulegea mwishoni. Herufi za katikati hulinganishwa na za pembeni, na pembe nne hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Pembe zote zikififia sawasawa, huo ndio mpaka wa lenzi. Upande mmoja ukififia huku wa pili ukikata, kioo kimoja ndani kimekaa upande. Hiyo ni hitilafu ya kamera hiyo mahususi, na inafaa kurudishwa dukani kabla dhamana haijaisha. Matawi ya miyombo yaliyopukutika majani mwishoni mwa kiangazi ni shabaha nyingine nzuri: yakipigwa dhidi ya anga jeupe, lenzi dhaifu huyachora na ukingo wa zambarau.

Kuna ulegevu mwingine ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuuondoa. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutapakaa. P1000 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/8, na hapo kila nukta ya mwanga hutua kwenye kihisi ikiwa duara la kipenyo cha maikromita 10 na zaidi kidogo. Pikseli moja ya kamera hiyo ina upana wa maikromita 1.3 tu. Nukta moja hufunika pikseli nane kwa upana. Kwa hiyo megapikseli 16 zilizotangazwa zipo, lakini mwishoni mwa zumu hazibebi maelezo ya megapikseli 16.

Mkono hupimwa baadaye. Desturi ya wapiga picha ni kwamba kasi ya shata isipungue sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa milimita 3000 hiyo ni 1/3000. Kituliza mtikisiko kizuri, kinachodaiwa kuokoa hatua tano, yaani kupunguza kasi kwa nusu mara tano, huishusha hadi karibu 1/100. Madai hayo hujaribiwa kwa kupiga picha kadhaa za gazeti lilelile kwa kila kasi, bila tripodi, na kuhesabu ngapi hazikucheza.

Kihisi nacho kina hesabu yake. Cha P1000 kina milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho; cha RX10 IV kina eneo mara nne ya hilo. Zumu ikienda mwisho, tundu la P1000 hushuka kutoka f/2.8 hadi f/8, na mwanga unaoingia hubaki sehemu moja ya nane. Chini ya mwembe, kamera hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, na chengachenga huanza. Kipimo chake ni kupiga kitu chenye maelezo madogo kivulini, kama mlango wa nakshi au gome la mti, kwa ISO 100, 200, 400 na kuendelea hadi 3200. Cha kuangalia si chenga peke yake. Programu ya kamera huzifuta, na inapozifuta hufuta pia manyoya ya ndege na nyuzi za ubao, hadi mlango uonekane kama umepakwa plasta. Picha ghafi, ambayo programu haijaigusa, ikipigwa sambamba na JPEG huonyesha ni kiasi gani kimepotea.

Hewa huachwa mwisho kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Ardhi ya Tabora ikishashika moto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mafungu yasiyo na joto sawa, na kila fungu huupinda mwanga kivyake; ndiko yanakotoka mazigazi ya barabarani. Kibao kilicho kando ya barabara ya lami iendayo Urambo, umbali wa kilomita moja, kinatosha kulipima jambo hili. Kwa umbali huo picha ya milimita 3000 hubeba upana wa mita 12, na pikseli moja hubeba milimita 2.6 hivi; kwa hesabu ya karatasi, herufi kubwa za kibao zingesomeka bila shida. Kibao hicho hupigwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha saa nne, kisha saa saba mchana, kila mara picha kumi mfululizo. Umbo la herufi likibadilika kutoka picha moja hadi nyingine, hiyo ni hewa. Zikiwa laini kwa namna ileile katika picha zote kumi, kosa ni la lenzi au la fokasi. Zikijirudia kuelekea upande mmoja, kamera imetikisika. Hakuna kipimo kingine kinachofundisha mengi hivi kwa gharama ndogo hivi.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba huongezeka moshi wa moto wa nyika na vumbi, na picha hupoteza weusi wake hata asubuhi. Mwisho wa njia, pale Ujiji, Ziwa Tanganyika lina upana wa kilomita 50 hivi, na katika miezi hiyo milima ya Kongo mara nyingi haionekani kabisa. Baada ya mvua huonekana tena wazi. Vipimo vya kamera mbili vilivyofanywa majira tofauti havilinganishwi.

Mwezi hutoa njia ya kukwepa hewa ya chini. Ukiwa juu kabisa, mwanga wake hupita hewa kidogo tu, na kwa milimita 3000 mwezi hufurika kimo cha picha. Ufaao ni mwezi wa nusu, ambapo vivuli vya mashimo yake huonekana kwenye mpaka wa giza. Mwezi mpevu hauna vivuli na huungua kirahisi. Jua halielekezewi lenzi hizi kamwe: linaweza kuharibu kihisi.

Picha zote husomwa kwenye kompyuta kwa asilimia 100, kwani kioo kidogo cha kamera huficha kasoro. Kisha moja huchapwa kwa A3, ambapo megapikseli 16 hutoa nukta karibu 280 kwa inchi. Kasoro isiyoonekana hapo haimdhuru mwenye kuchapa. Kipimo cha mwisho ni cha vumbi, nacho hurudiwa kila baada ya kiangazi. Lenzi inapotoka na kurudi huvuta hewa ndani, na hewa hiyo ina vumbi. Anga tupu likipigwa kwa f/8 huonyesha vumbi lililoingia kwa madoa ya kijivu yanayokaa palepale katika kila picha, na kwa kuwa lenzi haing'olewi, kuyasafisha ni kazi ya fundi.