Redio ya Ridhaa: Nani Atashika Ufunguo?

Wengi wetu tungali twaikumbuka tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa Jumapili, na fukwe zetu zilijaa watu. Mchana ule bahari ikaanza kwenda na kurudi kinyume cha desturi yake, polisi wakawatoa watu ufukweni, na akina mama wakawaita watoto wao bila ya kujua wawakimbizia nini. Hapa Kenya tulimpoteza mtu mmoja. Ndugu zetu wa Somalia walipoteza mamia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wimbi lile lile, saa chache kabla ya kutufikia sisi, lilikuwa limevipiga visiwa vya Andaman na Nicobar, ng'ambo ya bahari yetu hii. Simu zilikatika. Ikasadifu kwamba katika mji wa Port Blair alikuwako mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, aliyefika na wenzake mwezi ule kwa shughuli ya redio ya ridhaa, baada ya kuomba ruhusa ya serikali kwa miaka mingi. Walikwenda kuzungumza na wenzao wa dunia kwa mapenzi ya fani tu. Ardhi ilipotetemeka wakayaacha hayo, wakaitoa mitambo yao kwa ajili ya habari za maafa, wakishirikiana na wakuu wa serikali wa pale; na jamaa waliokuwa bara wakaanza kupata jibu la swali lile ambalo kila mke wa baharia analijua: yu hai, au hayupo?

Twaeleza haya kwa sababu redio ya ridhaa haifahamiki sana katika nyumba zetu. Si kituo cha matangazo, wala hakichezwi humo kitu kwa ajili ya burudani. Ni redio ya upepo, ya kusema na kujibiwa, na mwenye kuitumia hana budi kupata leseni. Kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Haruhusiwi kufanyia biashara, na lolote asemalo husikiwa na kila mwenye kufungua masafa yale. Kwa hiyo siri ya nyumba haisemwi humo, jambo ambalo labda ni faida yake nyingine.

Upungufu wake ni kwamba redio ndogo ya mkononi, yenye nguvu ya wati 5 hivi, haiendi mbali kwenye ardhi tambarare. Nyumba, minazi na vilima huizuia sauti. Dawa yake ni ripita. Huu ni mtambo unaowekwa mahali pa juu, ukapokea sauti dhaifu kwa masafa mamoja, na papo hapo ukairusha kwa nguvu kwa masafa mengine, hata mtu wa bondeni akasikiwa na mtu wa upande wa pili wa kilima. Kwale wana vilima vya Shimba. Lamu, ambako nchi ni bapa, hapana budi kutafuta mlingoti mrefu.

Kununua ripita ni jambo la mara moja. Kuiweka hai ndiyo kazi, na hasa katika pwani yetu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula kila chuma na kila kiungo cha waya. Ufa mdogo kwenye ganda la waya wa eriali wakati wa masika huingiza maji, na sauti hudhoofika kidogo kidogo pasi na mtu kutambua. Radi nayo hupenda vitu virefu. Lakini adui mkubwa kuliko wote ni betri iliyokufa kimya. Siku za kawaida mtambo hutumia umeme wa mjini, na kila mtu husema, alhamdulillahi, ripita yetu yafanya kazi. Betri za asidi umri wake ni miaka michache tu, na joto letu huupunguza zaidi. Siku umeme unapokatika kwa dhoruba, yaani siku yenyewe iliyokusudiwa, ndipo watu wagundue kwamba betri haina kitu tangu mwaka juzi.

Ndiyo maana wanaredio wa nchi nyingi wana ada ya kuitana majina kwenye ripita yao kila wiki kwa saa maalumu. Mgeni huona ni soga. Kumbe ndiyo njia ya kujua, siku ya shwari, nani hasikiki na kwa nini. Walio makini huukata umeme wa mjini kwa makusudi wakati wa kuitana huko, wapate kuipima betri.

Sasa serikali za mitaa zaingiaje? Tutazame Uingereza. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilifurika pwani ya mashariki ya nchi ile. Maji yalifika Lincolnshire yapata saa moja jioni, yakashuka kusini saa baada ya saa, hata baada ya usiku wa manane yakakifikia kisiwa cha Canvey, karibu na mlango wa mto Thames, na kuwaua watu wasiopungua 58. Watu wa kaskazini walikwisha kufa maji, na hawa walikuwa wamelala. Nyaya za simu zilikuwa zimeanguka, na haikuwako idara yenye jukumu la kupeleka onyo kutoka wilaya hadi wilaya. Uingereza ilipoteza watu 307 katika nchi kavu, na Uholanzi 1,836. Mwaka ule ule wanaredio wa ridhaa wakaanzisha jumuiya iitwayo RAYNET, ambayo hadi leo huzisaidia halmashauri, polisi na huduma za gari la wagonjwa mawasiliano yanapokatika. Halmashauri nazo, zinapopanga namna ya kukabili maafa, hutakiwa na kanuni za nchi kuzingatia jumuiya za kujitolea za namna hii.

Mpango wa namna hii huwa mzuri pale kila upande unapotoa kile ambacho mwenziwe hana. Serikali ina paa refu, mlingoti, umeme na mlinzi. Watu wa ridhaa wana ujuzi, na wana usiku wao wanaoutoa bure.

Hata hivyo tuna jeraha letu. Katika mtaa wetu palikuwa na kisima kilichofungwa pampu na ofisi fulani. Siku ya kukabidhi palikuwa na hotuba na biriani. Mota ilipoungua, ofisi ikasema pampu ni ya wananchi, wananchi wakasema ni ya ofisi, na ufunguo wa kibanda ukawa kwa mtu aliyehamishwa kikazi. Akina mama wakarudia ndoo kichwani, miezi na miezi, kwa sababu ya kufuli. Na sisi wazee tuliokula biriani ile hatukuuliza siku ile ufunguo utakaa kwa nani.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kusimamia maafa. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, tuliona jinsi sehemu nzima ya watu inavyoweza kutengwa na wenzao kwa siku moja. Hatusemi kila kijiji kiwe na ripita. Simu za mkononi zatutosha siku nyingi. Twasema kaunti ikitoa paa na umeme, na vijana wetu, wa kike na wa kiume, wakaketi mtihani wa leseni, basi makubaliano yaandikwe: nani anunue betri na kila baada ya muda gani, nani apande mlingotini, na funguo ziwe mbili, mmoja wa kaunti na mmoja wa jumuiya, zisikae mfukoni mwa mtu mmoja.

Vikao vya maoni ya wananchi juu ya bajeti za kaunti hufanywa kila mwaka, kabla ya makadirio kupelekwa katika bunge la kaunti mwishoni mwa Aprili. Akina mama wetu huhudhuria kwa wingi, wakakaa safu za nyuma, wakaondoka bila ya kusema. Mwaka huu twawaomba mmoja wao anyanyuke aulize juu ya betri.